Nilijikaza Miaka Saba

Julai 2013 nilipanda basi la asubuhi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya binamu yangu. Tulipofika Michungwani, wachuuzi walilizingira basi na machungwa yao kwenye neti, na karibu nusu ya abiria walinunua. Mama niliyekaa naye alichukua neti mbili, akazisukuma chini ya kiti, akatoa kisu kidogo kwenye pochi, akaanza kumenya. Alikuwa fundi wa kumenya yule mama, ganda linatoka moja refu halikatiki. Akanigawia. Tulikuwa tumeshaipita Mkata gurudumu la mbele lilipopasuka.

Sitaeleza yote. Basi liliacha lami, likaparamia vichaka, likalala ubavu. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni machungwa. Yalibingirika juu yetu, mengine yalipasuka, na harufu yake ikajaa kila mahali kama mtu ananikamulia ganda puani. Hakufa mtu. Wengi waliumia, wengine vibaya. Mimi sikuvunjika hata ukucha.

Walinitoa kupitia dirishani, nikakaa kwenye majani kando ya barabara. Hapo ndipo mwili ulipoanza kutetemeka. Meno yaligongana, magoti yakacheza, mikono ikawa si yangu. Mama mmoja wa kijiji cha jirani alikuja akanifunika kanga, akanibana mabega kwa mikono miwili, akaniambia, "Jikaze, mwanangu. Jikaze, umshukuru Mungu."

Nikajikaza. Nilikaza taya, nikakaza tumbo, nikavuta pumzi nikaizuia huko huko ndani, na kweli kutetemeka kukakoma. Mama yule alikuwa na huruma ya dhati na sina kinyongo naye hata chembe. Hata kanga yake aliniachia. Lakini mimi nilitii amri yake kwa miaka saba.

Bega la kulia ndilo lililotangulia. Lilianza kuuma mwezi wa pili au wa tatu baada ya ajali, nikadhani ni kuandika ubaoni. Halafu nikawa nasaga meno usiku. Mume wangu akanunua mtego wa panya akidhani wameingia darini. Halafu tumbo. Halafu usingizi ukawa wa kuibia, saa nane niko macho nasikiliza geti la jirani. Mlango ukigongwa kwa nguvu naruka. Mwanafunzi akiangusha dawati namfokea mpaka darasa zima linanyamaza, kisha naona aibu siku nzima. Na machungwa siyataki nyumbani kwangu. Mimi, mtu wa Tanga, ambako machungwa yanauzwa kila kona.

Nilikwenda hospitali, tena sana. Ukiishi Tanzania unaijua njia hiyo: utapimwa mkojo uambiwe UTI, utapimwa damu uambiwe taifodi, ukirudi mara ya tatu ni vidonda vya tumbo, ya nne ni gesi. Nilimeza vidonge vya kila rangi. Presha yangu ilipanda nikiwa kwa daktari, nikifika nyumbani inashuka. Shangazi yangu akanipeleka kwenye kisomo, nikasomewa, nikanywa maji ya kombe, na siku ile nilitulia kweli, maana nililala kwenye mkeka nikiwa nimeshikwa kichwa na mtu asiyenidai chochote. Nitalirudia hilo. Katika safari zote hizo hakuna aliyeniuliza habari za basi. Wala mimi sikuitaja. Basi lilikuwa limekwisha, sikuumia, nilishamshukuru Mungu.

Kiswahili ndilo somo langu, nimelifundisha sekondari miaka ishirini, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Mzizi wa jikaze ni kaza. Unakaza kamba, unakaza nati, unakaza mkanda. Unapomwambia mfiwa ajikaze unamwagiza, kwa lugha iliyo wazi kabisa, avute misuli yake na kuishikilia. Hatusemi lini aiachie. Na kinyume chake, kulegea, tumekifanya tusi: mlegevu ni mvivu, mwanamume aliyelegea hafai, na mwanamke wa pwani ukimwambia alegee umeshaingia kwenye maongezi mengine ambayo si ya blogu hii.

Wakati huo huo lugha hii inajua vizuri sana hofu inapokaa. Moyo unakwenda mbio. Tumbo joto. Donge limekaa kooni. Miguu imeisha nguvu. Nywele zimesimama. Mwili umekufa ganzi. Hatari ikipita mtu anashusha pumzi, kana kwamba alikuwa ameibeba kichwani kama ndoo. Hakuna hata neno moja hapo linalozungumzia mawazo. Majirani zetu ni hivyo hivyo. Nchini Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, hali ya manusura kushikwa ghafla na hofu kali, hasa wakati wa kumbukumbu za kila Aprili, iliitwa ihahamuka, neno linalohusishwa na ibihaha, yaani mapafu. Mtu aliyeishiwa pumzi. Wataalamu waliokuja na fomu zao za maswali walikuta watu wana jina lao tayari, na jina hilo lilikuwa la kiungo cha mwili.

Mwaka 2020 bega lilikataa kuinua chaki. Nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, binti mdogo wa rika la wanafunzi wangu. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akanilaza kifudifudi, akaanza kulikanda lile bega polepole na mafuta yasiyo na harufu. Tulikuwa tunapiga soga za bei ya sukari. Nje barabarani pikipiki ikafunga breki kwa ule mlio wa kukwaruza.

Mkono wake ukasimama.

"Mwalimu, umejiona ulichofanya?"

"Sijafanya kitu."

"Umebana pumzi. Na hili bega limepanda mpaka sikioni. Nimelishusha nusu saa, limerudi kwa sekunde moja." Akanyamaza kidogo. "Linafanya hivi tangu lini?"

Nilikuwa na jibu langu tayari, la ubao na chaki. Kilichotoka mdomoni ni, "Tangu basi."

Nililia kilio kibaya, cha makamasi, uso umezama kwenye tundu la kile kitanda. Yule binti hakunipa nasaha. Aliniketisha, akaniambia nikanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, bila viatu. Sakafu ilikuwa ya saruji, baridi. Akaniuliza, "Unaisikia?" Nikamwambia naisikia. "Basi isikilize tu." Tukakaa hivyo. Nilipoondoka aliniandikia jina la mwanasaikolojia kwenye kipande cha karatasi, nami nilikikunja mara nne nikakificha kwenye sidiria, maana kwetu ukisema unakwenda kwa mtu wa akili watu wanasikia Mirembe. Hospitali ile ya wagonjwa wa akili ya Dodoma ipo tangu 1927, na jina lake limeshakuwa kitisho cha kunyamazishia watoto.

Mwanasaikolojia alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kupenda kahawa chungu. Yeye ndiye aliyenieleza mambo ambayo baadaye niliyatafuta mwenyewe. Kwamba mwaka 1915 Mmarekani Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza jinsi mnyama anayetishwa anavyojiandaa kupigana au kukimbia: tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, damu inahamia kwenye misuli mikubwa, tumbo linasimamisha kazi. Kwamba 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, aliandika juu ya panya waliosumbuliwa kwa njia mbalimbali, baridi, majeraha, sumu, wote wakaishia na madhara yanayofanana, vikiwemo vidonda vya tumbo. Nilicheka niliposoma hapo. Panya wa Selye nao, wangefika kwetu, wangepimwa UTI kwanza.

Matayarisho yale ni mazuri yakidumu dakika chache. Shida ni pale yanapokosa mwisho. Nililifikiria kama mlinzi wa usiku. Mwizi alikuja, akakamatwa, akapelekwa polisi, lakini hakuna aliyekwenda kumwambia mlinzi, naye anaendelea kupuliza filimbi miaka saba, kila paka akipita. Nyumba nzima haikulala. Na mlinzi huyu, hapa ndipo nilipopata shida kama mwalimu, hasomi barua. Nilikuwa nimemwambia mara elfu kwamba ajali imekwisha. Nilimwambia kwa maneno, kwa sala, kwa hoja. Hana habari na maneno. Ana habari na pumzi, na uzito wa nyayo sakafuni, na kasi ya moyo.

Pumzi hasa, kwa sababu ni kamba ambayo ncha yake moja tumepewa mkononi. Moyo huuamrishi, tumbo huliamrishi, pumzi unaweza. Kila unapovuta hewa moyo unakwenda kasi kidogo, unapoitoa unapunguza mwendo. Ni kazi ya neva ya vagasi, ndefu, inayotoka kichwani kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni. Ndiyo maana kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta kunatuliza. Wazee walishalisema kwa maneno mawili, shusha pumzi, nasi tukadhani ni tamathali ya usemi.

Sasa kikao chenyewe. Nilitegemea nitasimulia ajali mwanzo hadi mwisho, nilishaiandaa kabisa kama insha. Hakuitaka. Aliniuliza, "Ukilitaja neno chungwa, mwili unafanya nini?" Koo linabana, nikasema. "Na wapi mwilini hakuna shida sasa hivi?" Swali la ajabu. Nilitafuta sana. Nikapata nyayo, na mgongo ulipoegemea kiti. "Kaa hapo kwanza," akasema. Tukawa tunakwenda na kurudi: kidogo kwenye koo, tukirudi kwenye nyayo. Koo, nyayo. Koo, mgongo. Dakika kumi hivi, kisha tukanywa kahawa. Nilitoka nikiona nimelipa hela ya bure.

Wiki ya tatu alikuja na mfuko wa karatasi, akauweka kwenye meza ya pembeni, mbali nami, akasema ndani mna chungwa halijamenywa. Basi. Halikutolewa. Nilitazama ule mfuko nikisikia jasho kwapani. Aliniambia nigeuze shingo polepole niangalie chumba, nitaje ninachokiona: kalenda, feni, pazia la bluu lenye doa. Mlango uko wapi? Pale. Umefungwa kwa funguo? Hapana. Wiki ya nne mfuko ulisogea. Wiki ya tano alitoa chungwa akalishika yeye. Wiki ya sita akakwaruza ganda kwa ukucha, mara moja tu.

Mguu wangu wa kulia ukaanza. Ulicheza kama mguu wa fundi kwenye cherehani, kisigino hakitulii. Nikaanza kukaza paja ili kuuzuia, kwa mazoea.

"Usijikaze," akaniambia.

Kwa mtu mwingine ni neno dogo. Mimi nilihisi kama mtu kaja na waraka wa kufuta waraka wa zamani. Nikauacha mguu ucheze. Ulicheza, ukapanda mpaka nyongani, ukahamia mkononi, nikawa natetemeka mwili mzima nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mchana kweupe, na yeye yupo, kanitazama bila woga, akiniambia kila baada ya muda kidogo niisikie sakafu. Kisha kutetemeka kukapungua kwenyewe. Nikapiga miayo kama mara nane mfululizo. Usiku ule nililala kwa muda wa saa saba bila kuamka, na mume wangu asubuhi akanambia panya wamehama.

Sitaki mtu adhani nilipona siku hiyo. Wiki iliyofuata nilikuwa mbaya kuliko mwanzo, nikataka kuacha. Ilichukua miezi minane, na kuna siku bega bado linapanda.

Nilipoanza kusoma habari za tiba hizi nilikuta ni soko kubwa, kila mwenye kibanda anaita wateja. Njia niliyopitia mimi, ya kugusa kiwewe, yaani hofu inayobaki mwilini baada ya tukio baya, kidogo kidogo na kurudi mahali palipotulia, imetokana kwa sehemu kubwa na Peter Levine, Mmarekani aliyeianza miaka ya 1970. Hoja yake anapenda kuitolea mfano wa wanyama: swala akiponea simba hutetemeka, kisha anaendelea na malisho yake. Nasikia fahari kidogo kwamba swala wetu anafundisha Marekani, ila nina wasiwasi, maana sidhani kuna aliyemfuata swala yule nyumbani kwake kujua analala vipi. Mimi mfano wangu ni kuku. Kila aliyekulia kijijini amemwona kuku aliyeponea mwewe: anasimama kama kafa, kisha anajikung'uta manyoya yote, mara moja, mara mbili, halafu anaendelea kupekua. Inatosha kwa picha. Kwa ushahidi nataka zaidi, nao upo ingawa ni mwembamba: utafiti mmoja wa Israel uliochapishwa 2017 ulihusisha watu 63, na waliopata tiba hiyo walipungukiwa na dalili zaidi ya waliokuwa wakisubiri zamu. Watu 63 ni darasa langu moja la kidato cha pili.

Tiba ya kuchezesha macho ndiyo yenye mizizi mirefu zaidi kwa upande wa ushahidi. Mwanasaikolojia Mmarekani, Francine Shapiro, alianza kuifikiria 1987 akitembea bustanini, alipoona macho yake yanakwenda huku na huku na fikra nzito zinapungua makali. Mgonjwa anakumbuka tukio huku akifuata kidole cha mtaalamu kwa macho, kushoto kulia. Nilipoielezewa nilidhani ni mazingaombwe. Lakini mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye mwongozo wake kama mojawapo ya tiba zinazofaa kwa watu wazima wenye ugonjwa unaofuata kiwewe, sambamba na tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia. Wanasayansi bado wanagombana kama macho yenyewe yana kazi au ni kule kukumbuka kukiwa na kitu cha kushikilia. Wagombane. Mgonjwa anataka kulala.

Yoga nayo nilikuwa nimeiweka fungu la mambo ya watu wa Masaki na watalii wa Unguja, mpaka nilipoona utafiti wa daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake wa 2014. Walichukua wanawake 64 ambao tiba nyingine zilikuwa zimewashinda. Nusu wakafanya yoga saa moja kwa wiki, wiki kumi. Nusu wakapata darasa la afya ya wanawake. Mwishoni, kwa waliokuwa upande wa yoga, 16 kati ya 31 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa ule, dhidi ya 6 kati ya 29 upande wa pili. Si muujiza, wala si kitu cha kudharau. Na ukiwauliza wanaofundisha, watakwambia ufundi wa mikao si muhimu sana. Muhimu ni mtu kuusikia mwili wake na kuchagua mwenyewe, jinyooshe hapa au uache, ukitaka. Kwa mwanamke aliyewahi kufanyiwa kitu bila kuulizwa, hilo neno ukitaka ndilo dawa.

Kuna na wanaofundisha kutetemeka kwa makusudi, mazoezi ya David Berceli ya kuchosha misuli ya mapaja mpaka ianze kucheza yenyewe. Ushahidi wake ni mchache. Nimeyajaribu mara mbili, nikasikia vizuri, mara ya tatu nikasikia vibaya, nikaacha. Na kuna nadharia ya Stephen Porges ya 1994 kuhusu neva ya vagasi, ambayo wapenzi wa tiba hizi huitaja kama aya. Wataalamu wa fiziolojia wengi hawaikubali. Tofauti yao hainipi shida. Shusha pumzi ilikuwapo kabla ya Porges.

Linalonigusa zaidi ni yale yaliyofanyika karibu na kwetu, kwa watu wasio na hela ya kulipia miezi minane. Kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini karibu 700 walishiriki jaribio lililochapishwa 2020. Baadhi yao walikutana kwa makundi makubwa, vikao vitano, wakisikiliza kanda iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakiongozwa na watu wasio madaktari. Walichofundishwa kwanza ni kutua: kusikia nyayo zinavyobonyeza ardhi, kupunguza mwendo wa pumzi, kutazama walipo na walio nao. Baada ya hapo ndipo mengine. Nafuu ilionekana, ingawa ilipungua kadiri muda ulivyokwenda, na mimi simshangai mtu ambaye nafuu yake inapungua akiwa bado kambini, bado na mgao. Nairobi nako, programu ya Shirika la Afya Duniani iliyojaribiwa kwa wanawake waliopitia ukatili iliendeshwa na wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo mafupi, na mojawapo ya vitu vyake vya mwanzo ni kupumua taratibu.

Nilisema nitalirudia lile la kisomo. Bibi yangu alizaa watoto tisa. Kila uzazi alikandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja tumboni siku arobaini, na mtu wa kumkanda alikuwa dada yake, kila alfajiri, mikono ile ile. Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Kwenye matanga ya kwetu, mfiwa akiangua kilio hashauriwi, anashikwa. Mmoja anakaa nyuma yake awe ukuta, mwingine anamshika mkono, wanayumba pamoja kwenye mkeka. Nenda kwenye zikiri uone safu nzima ya wanaume wakivuta pumzi kwa mdundo mmoja mpaka jasho linawatoka. Mambo haya nilikuwa nayaona tangu utoto na nikayaita desturi, nikaenda kuyalipia baadaye kwa kiingilio.

Lakini sitaki kuwa mtu wa kusema mababu walikwishagundua yote. Mababu ndio waliotupa jikaze. Kwenye matanga yale yale, siku ya tatu wageni wakianza kuondoka, mfiwa anaambiwa inatosha sasa. Ngoma za kupunga pepo zimewatuliza wengine na zimewafilisi wengine. Na mikono si salama kwa sababu tu ni ya kienyeji, wala kwa sababu ina cheti. Mtu anayetaka kukugusa kwa jina la tiba akuulize kwanza, kila mara, na akikasirika ukisema hapana, chukua mkoba wako utoke.

Hapa nina la kuwaambia vijana wanaoniandikia. Maumivu ya kifua ni ya hospitali kwanza, na kupumua baadaye. Usiende mtandaoni kwa mtu anayeuza kozi ya pumzi akikuahidi atakutoa kiwewe cha utotoni wikiendi moja. Kiwewe kikifunguliwa haraka kinaweza kukurudisha kwenye basi, mlango umefungwa, na yeye ameshakata simu. Binti mmoja aliniandikia kwamba kila akifumba macho kupumua ndipo hofu inapompanda. Basi usifumbe, mwanangu. Tazama dirisha. Si kila mwili unapenda giza.

Mimi siku hizi mambo yangu ni madogo, hata kuyaandika naona haya. Nikifika darasani nasimama kwanza kwa nyayo zote mbili kabla sijashika chaki. Nikisikia breki natafuta bega lilipo. Nikiwa kwenye foleni ya benki natoa pumzi taratibu kwa kupuliza, kama ninapoza chai, na mara moja mzee wa mbele yangu aligeuka akaniuliza chai iko wapi. Machungwa nanunua, lakini nayamenya nje, barazani.

Mwezi uliopita bodaboda iligongana na bajaji kona ya mtaani kwetu. Kijana wa bodaboda aliruka akaanguka kwenye mchanga uliomwagwa kwa ajili ya ujenzi, na ule mchanga ndio uliomwokoa. Watu wakajaa. Kwanza nilimwangalia kichwa, shingo, kama anaweza kusogeza vidole. Fundi wa duka la dawa akaja naye akamwangalia. Mzima. Wakamketisha ukutani, na pale pale mwili wake ukaanza kutikisika, meno yanagongana. Ishirini na mbili, ishirini na tatu, hazidi. Wanaume wakaanza: "Jikaze, dogo. Mwanaume wewe. Jikaze."

Nikaenda nikakaa chini kwenye mchanga pembeni yake, nikamuuliza kama naweza kumshika mgongo. Akaitika kwa kichwa. Nikamtupia kanga yangu ya juu. "Tetemeka tu, baba," nikamwambia. "Hakuna haraka."

"Mwalimu naye," akasema mmoja nyuma yangu, "mtu anatetemeka unamwambia atetemeke?" Wengine wakacheka.

Sikuwa na jibu la kutolea pale mtaani. Nilimwambia kijana akanyage chini kwa miguu yote. Kiatu kimoja hakikuwepo, akakanyaga hivyo hivyo. Alitetemeka kwa muda wa kuchemsha birika la chai, mkono wangu ukisikia mbavu zake zinavyokwenda, haraka, haraka, halafu ikaja moja ndefu, ikashuka yote. Akajipangusa pua kwa kanga yangu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza simu yake kaichukua nani.